Nani Alituuliza Siye?

Maongezi ya kamati mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Pangi

Maneno haya tuliyasema kwa kinywa mbele ya mkutano mkuu. Wengi hawakufika, mvua iliharibu barabara ya Kampene na moto zikakwama kwenye matope, basi mkatuomba tuyaandike. Tumeyasafisha kidogo, lakini tumeyaacha karibu kama yalivyotoka.

Tulipewa kichwa cha maongezi: telefoni na mashini mpya zinaweza kusaidia namna gani raia wote wasikilizwe katika mambo ya inchi. Ni kichwa kikubwa. Sisi tutaanza na kitu kidogo, mashini ya kusaga, kwa sababu ndiyo iliyoleta kelele katika chama chetu, na kelele ile ilitufundisha kuliko semina zote.

Munakumbuka, baada ya kazi ya mabati kulibaki feza. Hazikuwa nyingi, lakini zilitosha kitu kimoja. Kulikuwa njia tatu: kununua mashini ya kusaga na kuiweka Kalima, kununua mbegu ya mpunga kwa vijiji, ao kutengeneza chemchemi mbili ambazo maji yake ni machafu tangu tuliporudi. Kamati ilikaa. Mmoja wetu akasema, mbona tuwasumbue watu kutembea? Tuko na kikundi chetu kwenye WhatsApp. Tutume mesaje, kila mutu aandike 1, 2 ao 3, siku tatu, tumalize. Wote tukasema ndiyo. Tulijiona watu wa kisasa.

Majibu yakaja. Watu 58 waliandika. Kati yao 41 waliandika 1, mashini ya kusaga. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeandika mara mbili, tulihesabu mbele ya mashahidi. Tukaandika kwenye raporo ya wafadhili kwamba "wanachama wameamua". Mashini ikanunuliwa, ikafika Kalima, tukapiga picha.

Wiki mbili baadaye wamama wa vijiji vya kando ya mto Elila wakafika kwenye kikao cha michango. Hawakuleta mchango. Walisimama tu. Mmoja, ambaye ni mkubwa wao, akasema: "Nani alituuliza siye? Tuko wanachama ao tuko watu wa kulipa tu?" Mwingine akaongeza: "Telefoni ya bwana ndiyo ilijibu, si miye."

Tulikuwa tayari kumjibu kwamba kura zilihesabiwa vizuri. Kisha katibu akafungua daftari na akaanza kuhesabu mbele yao, na hapo ndipo tukanyamaza. Tuko wanachama 230. Zaidi ya nusu ni wamama. Katika wale 58 waliojibu, wamama walikuwa tisa. Wote 58 wanakaa mahali rezo inapofika: Kalima, Pangi penyewe, na baadhi wako Kindu kabisa. Wale wa kando ya mto, rezo wanaipata juu ya kilima kimoja tu, na wanapanda pale wakiwa na habari ya kifo ao ya ndoa, si kwa kujibu 1, 2 ao 3. Na mashini ile ya Kalima, kwao ni mwendo wa siku nzima na kapo kichwani. Wanaendelea kutwanga kama zamani.

Basi hesabu ilikuwa safi na uamuzi ulikuwa mbaya, vyote viwili pamoja. Tunawaomba mulishike neno hili, kwa sababu yote tutakayosema yanazunguka hapo. Watu wakisema teknolojia na demokrasia, wanafikiria mara moja wizi: mutu amevunja mashini, amebadilisha namba. Wizi uko, tutausema. Lakini kuna ubaya mwingine ambao hauhitaji mwizi hata mmoja. Ni wakati mashini inahesabu sawasawa wale waliokwisha kufika mbele yake, na hakuna aliyekwenda kuwatafuta wale wengine.

Tumejisema sisi kwanza, kwa sababu ni rahisi sana kunyooshea serikali kidole. Sasa tuangalie mambo ya inchi.

Inchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi waliosikiliza maongezi haya hawakuwa wamezaliwa. Tangu hapo hakuna hesabu nyingine ya raia wote. Ndiyo sababu karte ya uchaguzi imekuwa mzigo mzito kuliko ilivyopangwa. Ilianza kugawiwa mwaka 2005, mbele ya referandumu ya Desemba mwaka ule, na tangu wakati huo ndiyo kitambulisho cha Mkongomani. Munajua wenyewe: kwenye bariera wanauliza karte, kufungua laini ya telefoni wanauliza karte, kupokea feza kwa telefoni karte, kuandikisha mtoto karte. Kwa mutu aliyekimbia na kurudi, karte si ya kura tu. Ni ushuhuda kwamba yuko mutu wa hapa. Mzee mmoja wetu anaificha ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya sanduku, na ufunguo shingoni.

Mwaka 2023 CENI ilipozunguka kuandikisha, iligawa inchi katika sehemu tatu. Maniema ilikuwa katika sehemu ya tatu, pamoja na Kivu zote mbili, Ituri, Tshopo na Uele zote mbili, kuanzia tarehe 16 Februari 2023. Wakati ule baadhi yetu tulikuwa bado Kindu kwa watu wa jamaa. Tukajiandikisha kule, wengine komini ya Kasuku, wengine Mikelenge, wengine Alunguli ng'ambo ya Lualaba. Leo tumerudi kwenye mashamba yetu. Sheria inasema mutu anachagua pale alipoandikishwa. Basi tarehe 20 Desemba 2023, mwanachama mwenye karte ya Kasuku aliyekuwa amerudi Kalima, kupiga kura kwake ilikuwa safari ya karibu kilomita mia moja kwenda na mia moja kurudi. Wangapi walikwenda? Tuliwauliza katika vikao. Mikono ilikuwa michache, na wengi wao walikuwa vijana wenye moto.

Hao angalau walikuwa na karte. Walioko bado ng'ambo ya Tanganika hawakuandikishwa kabisa. Mwaka ule kwa mara ya kwanza CENI iliandikisha Wakongomani wa inje, lakini kama majaribio, katika inchi tano: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Kwa hiyo Mkongomani aliyeko Bruxelles aliweza kuandikishwa, na ndugu yake aliyeko kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, hakuweza. Hatusemi wa Bruxelles anyimwe. Tunasema tu kwamba mashini ileile ya kuchukua vidole na picha ilipanda ndege ikafika Washington, na ziwa ikashindwa kulivuka. Na humu ndani pia, Masisi, Rutshuru na Kwamouth walibaki inje kwa sababu ya vita. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Beni, Butembo na Yumbi: kura yao ilisogezwa mpaka Machi 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Watu wa Beni wenyewe, tarehe 30 Desemba 2018, walijipangia vituo, wakakata makaratasi kwa mikono na wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Walipanga mstari tangu asubuhi. Sisi tuliopitia mambo kama yao tunaelewa kwa nini.

Tuje sasa kwenye mashini yenyewe, ile ya kuchagulia. Ilifika 2018, imetengenezwa Korea ya Kusini, ikarudi 2023. Munajua watu waliipa jina gani kwa Kifaransa: kubadilisha herufi moja tu, mashini ya kuchagulia ikawa mashini ya kuiba. Jina lilishika kwa sababu watu walikuwa na shaka, na kamati haiwezi kuwaambia musiwe na shaka. Lakini shaka iwe na macho. Wengi kati yetu tulidhani kura inaingia ndani ya mashini na kubaki mule kama sauti katika radio. Sivyo. Unapewa karatasi, unaiingiza, picha za wagombea zinatokea kwenye kioo, unafinya picha ya mutu wako, mashini inachapa jina lake juu ya karatasi ileile na kuirudisha. Unaisoma, unaikunja, unaitia ndani ya sanduku. Jioni sanduku linafunguliwa na karatasi zinahesabiwa kwa mikono, mbele ya mashahidi. Karatasi ndiyo kura.

Na kama hujui kusoma? Sheria inakuruhusu kuingia na mutu unayemchagua wewe mwenyewe, naye awe mwenye haki ya kuchagua. Wewe ndiye unayemchagua. Asiwe wakala wa chama fulani anayekuja kukushika mkono, wala kijana wa depite aliyekupa chumvi jana. Neno hili moja, kama tungelijua mapema, lingewasaidia wamama wengi waliotoka mule ndani bila kujua jina gani lilichapwa.

Baada ya uchaguzi tulifanya mazoezi madogo. Tulichukua karto ya sabuni, tukachora kioo na kubandika picha: nanasi, ndizi, muhogo, samaki. Kila mama aje afinye. Mama mmoja alisimama muda mrefu, watu wakaanza kumcheka, kisha akafinya muhogo. Tukamuuliza kwa nini alikawia. Akasema: "Nanasi ni nzuri, lakini nanasi halijazi tumbo ya watoto sita. Nilikuwa nafikiri." Basi wale waliocheka wakanyamaza. Alikuwa anachagua hasa, wenzake walikuwa wanafinya tu. Wazee wa Bulega walikuwa na mutanga, kamba yenye vitu vidogo vilivyofungwa, manyoya, ganda, kipande cha mti, kila kimoja na methali yake, na mutu alifundishwa na kuonywa kwa kamba ile bila herufi hata moja. Mutu asiyesoma si mutu asiyefikiri. Anayetengeneza kioo kwa ajili ya watu wa Pangi angeanzia hapo.

Lakini tusipendeze mambo. Mashini inaweza kuacha walio hai na kubeba wasiojulikana. Mwaka 2018 wataalamu wa shirika la inchi zinazosema Kifaransa walikagua daftari la wachaguzi. Walikuta asilimia 16.6 ya walioandikwa hawana alama ya vidole, watu zaidi ya milioni sita. Labda wengi walikuwa watu wa kweli na kazi ilifanywa vibaya. Lakini namna gani ya kujua? Na mwaka 2023 mashini nyingine zilikutwa mikononi mwa watu ambao hawakuwa na ruhusa. Tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, na ikafuta uchaguzi wote wa wabunge wa Masimanimba na Yakoma; kule walirudia Desemba 2024. Mashini haikujipeleka nyumbani kwa mutu. Mutu aliibeba.

Na rezo nayo ina bwana wake. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ilikatwa inchi nzima, na mesaje pia. Ilirudi baada ya karibu siku 20. Siku zile ndizo tulizohitaji kuulizana: kwenu imekuwaje? Aliyekuwa na telefoni ya feza nyingi na asiye na telefoni walikuwa sawa, wote walirudia radio na mutu wa baiskeli. Tunaliweka hili mbele ya wafadhili kwa heshima. Programu nzuri kabisa, iliyotengenezwa na watoto wenye akili, inazimwa kwa barua moja, na inazimwa siku yenyewe ya kazi.

Kitu ambacho hakikuzimwa ni karatasi ya mlangoni. Sheria yetu inataka matokeo ya kila biro yabandikwe pale pale, mbele ya watu, baada ya kuhesabu. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki, kwa njia ya CENCO, lilipeleka watazamaji wapatao 40,000, na kazi yao kubwa ilikuwa kuangalia na kuandika yale waliyoyaona kwenye mabiro. Lakini matokeo ya biro kwa biro, ili kila raia alinganishe na ya mlangoni kwake, hayakutolewa hadharani mwaka ule. Jirani zetu wa Kenya wao walionja pande zote mbili. Septemba 2017 korti yao kubwa ilifuta uchaguzi wa rais, na moja ya makosa ilikuwa namna matokeo yalivyosafirishwa. Mwaka 2022 tume yao ikaweka picha za fomu za vituo vyote, zaidi ya 46,000, mahali ambapo kila mutu anaweza kuzifungua. Mwalimu wa shule aliweza kukaa na kalamu na kujumlisha. Watu waliendelea kubishana, hata kortini, lakini walibishana juu ya karatasi walizoziona. Hapo teknolojia ilifanya kazi tunayoipenda: ilichukua karatasi iliyosainiwa na watu wa kijiji, ikaipeleka mbali bila kuigusa.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, Sud-Kivu. Kuanzia karibu mwaka 2010, kwa usaidizi wa Benki ya Dunia, komini kama Ibanda ya Bukavu na sheferi kama Luhwinja zilijaribu bajeti ambayo raia wanaipanga pamoja na viongozi. Telefoni ilitumika kuita watu kwenye mkutano, kuwauliza nini kitangulie, na kuwarudishia habari ya kilichoamuliwa. Mesaje fupi tu, za telefoni ya vitufe. Tunachokipenda mle ni kwamba mkutano wa watu kukutana uso kwa uso haukuondolewa. Telefoni ilikuwa ngoma ya kuitia, na ngoma ya kutangazia. Sisi na mashini yetu ya kusaga tuliifanya ngoma iwe ndiyo baraza.

Kuna jambo moja ambalo watu wa mbali hawalijui, na hata wengine wa hapa. Katiba ya 2006 inatambua kwamba sekta na sheferi zijiongoze, na washauri wao wachaguliwe na wananchi. Uchaguzi huo haujafanyika hata mara moja. Mwaka 2023 washauri wa komini walichaguliwa, lakini tu katika miji mikubwa ya majimbo. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kindu, wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, walikuwa na karatasi ya nne, ya mshauri wa komini. Sisi wa Pangi tulichagua rais, depite wa taifa na depite wa jimbo, basi. Anayeamua juu ya kodi ya soko, juu ya daraja la miti, juu ya salongo, hatukumchagua. Ndiyo maana wamama wa Elila walikasirika namna ile. Depite yuko Kinshasa ao Kindu. Mahali pekee ambapo walitegemea kuulizwa ni katika chama chao, na hata pale tuliwaruka.

Sasa neno gumu. Tulipokwenda kuomba radhi vijijini, tulichukua daftari mpya ili tuandike kila mwanachama: anakaa wapi, ana karte ao hana, iliandikwa wapi. Tulidhani watafurahi. Katika kijiji cha kwanza mzee aliuliza: "Majina yangu munapeleka wapi?" Tukasema, hatupeleki mahali. Akasema: "Wale wengine pia walisema hivyo."

Ni lazima wafadhili waelewe jambo hili. Mutu aliyepitia vita vya 1998 na vilivyofuata ameandikwa mara nyingi katika maisha yake. Ameandikwa kambini ili apate unga, hiyo ilikuwa vizuri. Ameandikwa na wenye silaha ili atoe mbuzi, ao mtoto. Ameona jina likisomwa usiku. Kwake orodha ni kitu chenye meno. Mtaalamu akija na tablete na kusema "ni kwa ajili ya ushirikishwaji," mzee anasikia jambo lingine kabisa. Na hana kosa. Tangu Goma ianguke Januari 2025 na Bukavu Februari, kuna watu waliofika huku Maniema wakiwa wametupa karte zao njiani kwa woga, na wengine wamezishona ndani ya pindo la nguo. Wote wawili walikuwa na sababu.

Tulikaa na wazee siku mbili juu ya jambo hilo moja. Hawakukataa kuandikwa. Walitaka masharti, na masharti yao yalikuwa bora kuliko yetu. Daftari liwe la karatasi, moja kwa kila kijiji, likae kijijini kwa mama wanayemwamini wao, si kwa chifu na si kwa kamati. Lisipigwe picha. Halina mahali pa kabila wala pa chama cha siasa. Kamati inapata hesabu tu: wangapi wana karte ya hapa, wangapi ya mahali pengine, wangapi hawana. Mutu akitaka kufutwa, anafutwa mbele yake. Kijana mmoja wa kamati, ambaye amesoma kompyuta, alitwambia baadaye kwamba wazee walitengeneza katika siku mbili kile ambacho sheria za ulinzi wa habari za watu zinajaribu kusema kwa kurasa mia.

Mfadhili mmoja, kwa roho nzuri, alitutolea tablete 20 na programu ambayo kila mwanachama angejibu maswali kila mwezi. Kwenye fomu ya raporo kulikuwa na kisanduku: idadi ya watumiaji. Tumejadili sana. Vijana walizitaka, na tunawaelewa; tablete ni kitu, na hapa kazi hakuna. Lakini kamati iliandika kuomba vitu vingine: plaki mbili za jua na bateri ili telefoni za vitufe zichajiwe pale pale kijijini, radio tano, na feza ya usafiri. Feza ya usafiri haipigwi picha nzuri, tunajua. Lakini ndiyo inayomleta mama wa Elila mpaka kwenye mkutano, na ndiyo itakayowapeleka wenye karte za Kindu kuhamisha majina yao wakati daftari la wachaguzi litakapofunguliwa tena mbele ya uchaguzi wa 2028. Mfadhili amejibu kwamba anafikiri. Tunamshukuru kwa kufikiri. Ni zaidi ya tulivyofanya sisi juu ya mashini.

Tumekwisha kujaribu njia mpya mara moja, tuwaambie ilivyokuwa. Swali lilikuwa juu ya mashini hiyohiyo: ibaki Kalima, ao ihamishwe, ao iuzwe. Mesaje ilitumwa kwenye telefoni, pamoja na tangazo kanisani, msikitini na sokoni, wiki mbili mbele. Kila kijiji kilikutana chenyewe. Vibuyu vitatu, na kila mwanachama punje moja ya hindi mkononi, anaingia nyuma ya mkeka peke yake. Mume hamtilii mke. Punje zilihesabiwa mbele ya wote, hesabu ikaandikwa kwenye karatasi, watu watatu wakasaini ao wakaweka kidole, karatasi ikabandikwa mlangoni kwa shule. Hapo ndipo telefoni ilipoingia: picha ya karatasi ile ikatumwa kwa kila kijiji, ili kila mutu ajumlishe mwenyewe. Katika kijiji kimoja kuku alikula punje kabla ya kuhesabu na ikabidi warudie. Tunayaandika haya kwa sababu kuna watakaosikia kwa watu.

Walioshiriki walikuwa 171. Ilichukua majuma matatu, si siku tatu, na iligharimu mafuta ya moto ambayo mweka hazina bado anayalalamikia. Punje nyingi zilisema mashini ihamishwe mpaka njia panda, katikati ya Kalima na vijiji vya mto. Watu wa Kalima hawakupenda. Wawili wametishia kutoka katika chama. Tumewaonyesha karatasi za milangoni, wamejumlisha wenyewe mara mbili, na bado hawapendi. Wamebaki lakini.

Sasa mambo ya utaratibu. Mashini itahamishwa barabara ikikauka. Tunahitaji watu wanane wa kubeba na mutu mwenye gari atakayekubali kulipwa nusu sasa na nusu baada ya mavuno ya mpunga. Karto la mazoezi liko kwa katibu, kila kijiji kinaweza kuliazima juma moja, na tafadhali musibandue picha. Waliopoteza karte, ao ambao maandishi yake yamefutika, wajitokeze kwa mama anayeshika daftari la kijiji chao, pamoja na watu wawili wanaowajua tangu mbele ya kukimbia. Na swali la chemchemi mbili linarudi mezani katika kikao kijacho, Kampene, siku ya pili baada ya soko. Kila mutu aje na punje yake, sisi tutaleta vibuyu. Kuku wafungiwe.